Mzee Lakhum Mossang na herufi 79 za Kitangsa

Tarehe 14 Septemba 2021 lilitoka toleo la 14 la Unicode. Kwa asiyejua, Unicode ni ile orodha kubwa ya dunia nzima inayoiambia simu yako kwamba hii ni A, hii ni alif, hii ni emoji ya kucheka mpaka machozi, na kama herufi za lugha yenu hazimo humo basi simu haiwajui, inawaonyesha viboksi vitupu. Watu wakakimbilia emoji mpya kama kawaida. Mimi nilikwama kwenye kifungu kidogo kinachoanzia namba 16A70 na kuishia 16ACF, kimeandikwa Tangsa, herufi 79 na tarakimu 10. Aliyezibuni, mzee Lakhum Mossang, alikuwa keshafariki. Alifariki Julai 2020, mwaka mmoja na ushee kabla kazi yake haijapokelewa, na kazi yenyewe alikuwa ameianza kwenye 1990 hivi. Miaka thelathini mtu anahangaika na herufi za lugha ambayo hata wilaya jirani wengi hawaijui.

Kisa hiki nimekifuatilia muda sasa na kinaniuma kwa sababu zangu ambazo nitazisema huko mbele. Kwanza tuelewane tuko wapi.

Watangsa ni Wanaga wa milima ya Patkai, pale India inapopakana na Myanmar. Upande wa India wako wilaya ya Changlang jimbo la Arunachal Pradesh, na wengine wameshuka mpaka wilaya ya Tinsukia jimbo la Assam, karibu na Margherita na Ledo kwenye migodi ya makaa ya mawe. Upande wa Myanmar wenzao wanaitwa Tangshang. Jina Tangsa wenyewe wanalielezea kama watoto wa milimani. Ile barabara ya Ledo iliyochongwa wakati wa vita kuu ya pili, ambayo wengi wa askari wa Kimarekani walioijenga walikuwa weusi, ilipita katikati ya nchi yao na kuvuka mpaka kwenye njia ya mlimani ya Pangsau. (Babu zetu wa KAR, lile jeshi la Waingereza la Afrika Mashariki, nao walikuwa kwenye vita hiyohiyo ya Burma, ila wao Divisheni ya 11 ya Afrika Mashariki ilipigana bonde la Kabaw mwaka 1944, kusini zaidi. Nyumba nyingi huku kwetu kuna mtu aliyewahi kusikia neno Bama kutoka kwa babu, basi milima iliyokuwa upande wa juu ya hapo ndo hiyo ninayoizungumzia.)

Sasa hili neno Naga linachanganya watu na lazima tulitenganishe mapema. Hakuna lugha inaitwa Kinaga. Wanaga ni watu wengi, Waao, Waangami, Wasümi, Walotha, Wakonyak na wengine wengi, wana undugu wa kihistoria na wa kisiasa lakini mtu wa kijiji hiki anaweza asimwelewe kabisa mtu wa bonde linalofuata. Ndo maana jimbo la Nagaland lilipozaliwa tarehe 1 Desemba 1963 likajikuta linatumia Kiingereza kama lugha rasmi, na sokoni watu wanaongea Kinagamisi, kreoli yaani lugha iliyozaliwa na mchanganyiko, iliyotokana na Kiassam. Na wanaisimu wanasema Wanaga wa kaskazini, yaani Wakonyak, Wawancho, Wanocte na hawa Watangsa, lugha zao ziko karibu na Kijinghpaw cha Wakachin kuliko zilivyo karibu na Kiangami. Kwahiyo ukisikia mtu anasema anarekodi lugha ya Kinaga muulize ipi, kijiji gani.

Na hata ukisema Kitangsa bado hujafika. Ndani ya Watangsa kuna makundi makumi kadhaa, kila moja na jina lake na usemi wake: Mossang, Muklom, Tikhak, Longchang, Hakhun, Chamchang, Cholim, Rera, naweza kuendelea. Mengine yana majina mawili kwa sababu watu wa nje waliyaandika wanavyojua wao, Chamchang wameitwa Kimsing, Cholim wameitwa Tonglum, na Wamossang wenyewe wanajiita Mueshaung. Baadhi ya semi hizi zinaelewana, nyingine hazielewani, na pale makundi mawili yasipoelewana mazungumzo yanahamia Kiassam au Kihindi. Hapo ndo lugha inapoanza kutoka nyumbani polepole bila mtu kuifukuza. Kijana wa Mossang anaoa binti wa kundi jingine, mtoto anazaliwa, lugha ya watatu hao wanayokutana wote ni Kihindi au Kiassam. Nani wa kulaumiwa hapo? Hakuna aliyekosa.

Tuje kwenye kiini. Kitangsa ni lugha ya toni. Sisi Waswahili hii kitu tunaipita juujuu kwa sababu Kiswahili chetu hakina toni, tuna mkazo tu, na hata mkazo wenyewe unabadilisha maana mara chache sana, kama barabara ya lami na lile barabara la kusema kitu kimekaa sawasawa. Hebu chukua hiyo tofauti ya barabara mbili halafu fikiria inakukuta kwenye kila silabi unayotamka tangu asubuhi mpaka unalala, na badala ya mkazo ni sauti kupanda, kushuka, kubaki palepale au kukatika kooni. Wanaotoka kwenye lugha zenye toni, Wakikuyu, Waganda, sisi Wahaya, tunajua kidogo. Lakini angalia tunavyoandika: Kihaya hatuandiki toni, Waganda hawaandiki, Wakikuyu wana zile ĩ na ũ zao ila toni hawaandiki. Na tunasomana vizuri tu! Barua ya mama mtu anaisoma bila tabu.

Hapo ndipo nilipokaa nikafikiria sana. Tunasomana kwa sababu lugha tunayo tayari kichwani. Maandishi yanatukumbusha tu, sikio linajaza lililobaki. Maandishi bila toni yanamtosha anayejua. Lakini kumbukumbu ya lugha iliyo hatarini huandikiwa nani? Anaandikiwa mtoto ambaye hajazaliwa, ambaye pengine hatakuwa na bibi wa kumsikiliza akitamka. Huyo ukimwekea herufi bila toni umempa mifupa ya samaki, aone umbo lakini ladha hawezi kuijua.

Herufi za kirumi ziliingia kwa Watangsa kwa njia ileile zilikoingia kwa Wanaga wengine, kupitia makanisa ya Kibaptisti, na zimefanya kazi kubwa, nyimbo za kanisani zinaandikwa, watu wanaandikiana meseji. Ila a e i o u tano haziwatoshi hata kwa irabu zenyewe, achilia mbali toni. Mzee Lakhum alifanya hesabu yake mwenyewe. Kwenye alfabeti yake irabu za msingi ni 12, na kila irabu ina sura nne kufuatana na toni, 12 mara 4 unapata 48, ongeza konsonanti 31, jumla 79. Yaani toni haikupachikwa juu kama kofia ambayo mtu akiwa na haraka anaiacha. Imo ndani ya herufi. Huwezi kuandika irabu bila kuamua toni yake, kama vile sisi huwezi kuandika neno baba bila kuamua ni b au p.

Hilo kwangu ndo jambo kubwa kuliko yote kwenye kisa hiki. Kila anayeanza kuandika lugha ya toni huwa anasema alama tutaweka baadaye, tukipata muda, na baadaye haifiki. Daftari za wasafiri, wamisionari na maafisa wa kikoloni waliopita milima ile zina orodha za maneno ya lugha ambazo nyingine leo wasemaji wake wamepungua sana, na nyingi ya orodha hizo hazina toni hata moja. Ukizisoma unajua neno lilikuwa na herufi gani, hujui lilisikikaje. Mzee akaziba tundu hilo kwa kulifanya lisiwezekane.

Wapo wanaouliza kwanini asitumie kirumi tu akaongeza alama, na swali ni la haki kabisa. Tena njia hiyo ipo na inatumika: silabi inaandikwa kwa herufi za kirumi halafu mwishoni inaongezwa c, q, x au z kuonyesha toni, unachapa kwenye simu yoyote ya bei rahisi bila kuweka fonti wala kibodi mpya. Ukiangalia majina ya herufi za mzee ndani ya Unicode utakuta ni hizohizo, irabu moja imeitwa OZ, OC, OQ, OX, inayofuata AZ, AC, AQ, AX, inaendelea hivyo. Kwahiyo mifumo miwili inasimama juu ya usikivu mmoja. Maoni yangu: kwa meseji na kwa kazi ya haraka kijijini, kirumi chenye c q x z kinatosha na kinapendeza kwa urahisi wake, na mtu asibezwe kwa kukitumia. Ila herufi za mzee zina kitu kingine ambacho kirumi hakiwezi kukitoa.

Kuielewa hiyo lazima ujue hadithi ya ngozi. Kati ya Wanaga, Waao mojawapo, kuna simulizi kwamba zamani watu walikuwa na maandishi yao, yaliandikwa kwenye ngozi ya mnyama, mbwa akaila, na tangu siku hiyo kila kitu kikabidi kishikwe kwa mdomo na masikio. Ni hadithi fupi lakini imebeba maumivu ya karne nzima ya kuambiwa na watu wa tambarare na wakoloni kwamba ninyi hamna maandishi basi hamna historia. Waao hao hao wanajua wametoka wapi, wanakwambia wazee wao wa kwanza walitoka kwenye mawe sita, Longtrok, pale Chungliyimti, wanaume watatu na wanawake watatu, na koo zao wanazihesabu kuanzia hapo. Hiyo ni historia iliyokamilika, haikuwa tu kwenye karatasi. Sasa mtu wa jamii hiyohiyo pana ya Wanaga akikaa akabuni maandishi kwa mkono wake, kwa sikio lake, watu wanaona ile ngozi imerudishwa. Huwezi kuipima hisia hiyo kwa urahisi wa kibodi.

Na hakuwa peke yake. Kwa majirani zao Wawancho, mwalimu Banwang Losu naye alibuni alfabeti kati ya 2001 na 2012, ikaingia Unicode mwaka 2019 kwenye toleo la 12. Lugha mbili za Wanaga wa kaskazini, jimbo moja, watu wawili tofauti, wote wamefika mahali pamoja kwamba herufi za kuazima hazibebi sauti zetu. Hiyo sio bahati.

Sasa upande mgumu, maana nisije nikawa nasifia tu. Herufi zilibuniwa na Mmossang, akizisikia sauti kwa sikio la Mossang. Wale Wahakhun je, Wamuklom je, Wacholim? Semi zao zina irabu zisizolingana, toni ya neno lilelile inaweza kusikika tofauti kabisa ukivuka kilima. Kihakhun kwa mfano kina sarufi yake nzito, mwanaisimu Krishna Boro ameiandika kwenye tasnifu ya mwaka 2017 chuo kikuu cha Oregon, na ukiona vitenzi vyake vinavyobadilika kufuatana na nani anamtenda nani, unaona huwezi kuchukua mtindo wa kundi moja ukauvalisha kundi jingine hivihivi. Alfabeti ya mzee ilikusudiwa Watangsa wote. Je wote watajiona humo?

Historia ya Waao inatuonya hapa. Mmisionari Edwin Clark alipopanda milimani mwaka 1872, akitanguliwa na mwinjilisti wa Kiassam aliyeitwa Godhula, alifikia kijiji cha Molungkimong, watu wa pale walisema Kichungli, akaandika Kichungli, kamusi yake ikatoka 1911, na mpaka leo Kiao cha kanisani na cha shuleni ni Kichungli. Wasemaji wa Kimongsen, ambao nao ni Waao kamili, wakajikuta wanajifunza usemi wa wenzao ili wasome maandishi ya lugha inayoitwa yao. Sarufi kubwa ya Kimongsen ikaja kuchapishwa 2007, kazi ya Alexander Coupe, miaka 135 baada ya Clark. Sisi Waswahili hili tunalifahamu mwilini: kikao cha Mombasa mwaka 1928 kilichagua Kiunguja kiwe msingi wa Kiswahili sanifu, na waliolelewa na tenzi za Kiamu na Kimvita wakaanza kuambiwa wanachosema ni lahaja. Kijiji alichofikia mgeni wa kwanza kinaamua mengi kuliko mtu anavyodhani. Kwa Watangsa angalau aliyeanza ni mwenyeji, na mwenyeji unaweza kubishana naye kikaoni, kwa lugha mnayoijua wote, kitu ambacho Wamongsen hawakupata kwa Clark.

Halafu kuna nyimbo, na hapa nitakaa kidogo maana ndo sehemu inayonikosesha usingizi.

Kila tarehe 5 Januari baadhi ya makundi ya Watangsa huadhimisha Wihu Kuh. Wihu ni roho ya kike ya ardhi, wanachinja kuku na nguruwe, wanaomba mavuno, usalama, uzazi, riziki. Na kuna wimbo wa Wihu, wimbo wa kale. Lugha ya wimbo huo haiko sawa na lugha ya kuitana chakula mezani. Ina maneno ambayo hayasemwi tena popote, maneno yanayokwenda wawiliwawili kama pacha, na wanaoweza kuuimba wote ni wachache na umri umeenda. Wengi wameshakuwa Wabaptisti na wimbo wa sadaka ya kuku wameuweka kando, wengine wamefuata Rangfrah, dini iliyoundwa upya kutokana na imani za zamani na ina nyimbo zake. Simlaumu Mkristo kwa dhamira yake, ila matokeo yake ni kwamba mwenye wimbo anaweza kuishi nyumba ya tatu kutoka kwa kijana ambaye hajawahi kuusikia.

Kuanzia 2007 hivi mwanaisimu Stephen Morey wa chuo kikuu cha La Trobe, Australia, pamoja na mtaalamu wa muziki Jürgen Schöpf na mwanaanthropolojia Meenaxi Barkataki-Ruscheweyh, walifanya mradi wa kurekodi nyimbo na ushairi wa Watangsa, Wasingpho na Watai huko Assam ya juu, kwenye DoBeS, mpango wa kurekodi lugha zilizo hatarini uliofadhiliwa na wakfu wa Volkswagen. Sauti na video zimewekwa kwenye hifadhi ya taasisi ya Max Planck, mji wa Nijmegen, Uholanzi. Huyo Morey ndo huyohuyo aliyekuja kuandika pendekezo la kuziingiza herufi za mzee Lakhum Unicode. Unaona jinsi mambo yalivyoungana: aliyekuja kurekodi nyimbo akaishia kuwa mbeba mizigo wa herufi za mwenyeji. Mi naona huo ndo uhusiano mzuri wa mtafiti na wenye lugha. Wenyeji wanakutuma, unatumika.

Sasa shida ya wimbo. Mtu akiimba, melodi inaivuta toni. Silabi ambayo kwenye maongezi ingeshuka, kwenye wimbo inaweza kupandishwa kwa sababu tu mstari unapanda. Kwahiyo una rekodi safi kabisa, maikrofoni nzuri, hakuna jogoo anawika, na bado kutoka kwenye rekodi hiyo peke yake huwezi kujua neno lilikuwa lipi. Herufi 48 za irabu za mzee hapa zinadai jibu ambalo sauti iliyoimbwa haitoi: andika toni gani, ile niliyoisikia au ile ya neno lenyewe? Anayejua ni mwimbaji. Inabidi akae chini na wewe, auseme wimbo mstari kwa mstari bila kuimba, taratibu, halafu aeleze hilo neno ni nini, na wewe urekodi maelezo hayo pia. Kazi ya dakika tano za wimbo inaweza kula wiki. Na hapo hapo mzee mwingine wa kundi jingine anakwambia huyo kakosea, neno hilo maana yake siyo hiyo, na inabidi urekodi na ubishi wao, usiamue wewe.

Ndo nifike kwangu. Nilimrekodi bibi yangu kwa simu akiimba wimbo wa wakati wa kuvuna, kule Kagera, kama dakika nne hivi. Nilifurahi, nikaituma kwenye grupu la familia, watu wakaweka vikopa. Alipofariki nikakaa niandike maneno yake. Mistari miwili ya katikati sikuielewa. Nikampelekea mama, hakuielewa. Mjomba akasema ni Kihaya cha zamani, akatoa maana, baba mdogo akatoa maana nyingine kabisa, na kila mmoja alikuwa anasikia toni tofauti kwenye neno lilelile kwa sababu bibi alikuwa anaimba. Nilikuwa nimekaa naye jikoni siku ile mpaka saa tatu usiku. Ningemuuliza tu. Angenieleza huku anamenya ndizi.

Kwahiyo ninapoona watu wanashangilia kwamba Kitangsa kimeokolewa kwa sababu kimeingia Unicode, najisikia kuwaambia subirini kidogo. Kilichotokea 2021 kina uzito wake na nitausema vizuri. Kabla ya hapo ukitaka kuchapa herufi ambazo hazimo kwenye orodha ulikuwa unatengeneza fonti ya kudanganya, yaani kompyuta inaamini umeandika herufi za kirumi ila fonti inazichora kwa sura nyingine, ukimtumia mwenzako asiye na fonti hiyo anapokea takataka, na miaka kumi baadaye fonti imepotea na wewe mwenyewe huwezi kusoma kitabu chako. Sasa kila herufi ina namba yake ya kudumu. Fonti ya bure ipo, Noto Sans Tangsa. Faili la leo litasomeka baada ya miaka hamsini. Kwa kumbukumbu za lugha hilo ni jambo kubwa mno, mafaili mangapi ya lugha ndogo yamekufa kwa ajili ya fonti tu.

Lakini Unicode haiongei na mtoto. Mtoto wa Changlang anafungua simu, kila kitu kinachomvutia kiko Kihindi au Kiingereza, mtihani wake uko Kiingereza, na herufi za mzee Lakhum anazifikia kama kuna mtu amekaa naye jioni akamfundisha, na ana kitu cha kuzisomea. Kitu chenyewe kiko wapi? Kiko kwenye zile rekodi. Ndo maana kila nikifikiria kisa hiki narudi palepale: nyimbo na simulizi zilizorekodiwa tayari ziandikwe kwa toni, pamoja na mzee wa kundi husika, zirudishwe kijijini kama vitabu vyembamba na sauti za kwenye simu, Mossang kwa Wamossang, Hakhun kwa Wahakhun. Bila hivyo herufi zitabaki za kuandika majina kwenye mabango ya sherehe, na hifadhi ya Nijmegen itabaki na sauti ambazo wenye nazo hawajui pa kubonyeza. Na kijijini intaneti inasuasua, kwahiyo zipelekwe kwenye memori kadi, mtu apitishe nyumba kwa nyumba.

Na kama herufi hazitatosha sauti za kundi fulani, ziongezwe au wapange matumizi yao, Kiarabu chetu cha kuandikia Kiswahili nacho wazee wa pwani walikirekebisha wakaongeza nukta pale sauti zetu zilipokosa herufi. Herufi ikishakuwa ya watu wanaitengeneza wenyewe. Kilichoniuma kwa mzee Lakhum ni kwamba hayupo kuulizwa. Kwanini irabu hii aliichora hivi, alimsikiliza nani alipoamua toni ya neno lile, aliwahi kukaa na waimbaji wa Wihu akajaribu kuwaandika? Natamani kuna mtu alimkalisha akamrekodi akieleza hayo, saa nyingi, kwa lugha yake mwenyewe.

Mimi Desemba hii nakwenda nyumbani. Bibi mdogo, yule mdogo wake bibi wa mwisho kuzaliwa, bado yupo na masikio yake mazima, nimeshampigia. Nimemwambia nakuja na ile rekodi ya bibi, tutaisikiliza mstari mmoja mmoja, anisemee maneno bila kuimba. Akaniuliza ni wimbo upi, nikamwimbia mwanzo wake kwenye simu. Akanyamaza kidogo halafu akanisahihisha toni ya neno la pili.